Mita Mia Tano Kutoka Jikoni kwa Shangazi

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla ya Ijumaa, maana nimechoka hadi chakula hakipiti, mimi ni mpima ardhi, kazi yangu ni kuvuta tepu ya kupimia na kujaza fomu, na mwezi uliopita nilitumwa kupima mahali utakaposimamishwa mtambo wa upepo, ile minara mirefu yenye mapanga matatu ya kuzalisha umeme, na sheria inasema usikae chini ya mita mia tano kutoka nyumba wanayoishi watu, ila jiko, stoo na banda la mifugo havihesabiwi. Nyumba iliyo karibu kuliko zote ni yetu, nikapima kutoka ukuta wa nyuma nikapata mia tano na kumi na mbili, na kile kijumba cha uani nikakiandika "jiko" bila kufikiri, kwa kuwa nyumbani sote tunasema "jikoni kwa shangazi", nikaweka sahihi, kumbe shangazi aliyenilea ndimo anamolala, miaka kumi na minne sasa, kwani siku nilipopata jiko ndipo yeye alipohamia jikoni ili mimi na mke wangu tupate nafasi, na kutoka kitandani kwake ni mita mia nne na themanini na moja.

Nilipomweleza alisema, "Mwanangu, moshi niliuzoea, na huo mngurumo nitauzoea. Usije ukafukuzwa kazi kwa ajili yangu." Mke wangu anasema tumhamishie sebuleni wiki hii, jiko liwe jiko kweli, na fomu itakuwa haijadanganya. Mwisho wa kupokea pingamizi dhidi ya mtambo ni Ijumaa, na bosi hataki kusikia habari za kupima upya. Nifanyeje?

Mvuta Tepu

Mvuta Tepu, pole. Umechoka, nakubali, ila nadhani shangazi yako amechoka kukuzidi, na yeye hakuandika barua.

Kwanza, nani alikuambia upime kwako mwenyewe? Mwenzako angefungua mlango, akaona kitanda, akaandika kitanda. Wewe umezoea kuingia mle kuchukua sufuria.

Mkeo ana akili, lakini safari hii zimempitiliza. Mtu mzima hahamishwi kama kabati ili karatasi ionekane safi.

Kesho asubuhi pima kutoka ukuta wa kitanda chake. Andika "chumba cha kulala", andika mita zake, kiri kwamba ulikosea, na uombe mpimaji mwingine arudie. Kabidhi kwa maandishi, ubaki na nakala yenye muhuri. Bosi atanuna, mwache anune. Kosa ukilisema mwenyewe kabla ya Ijumaa ni masahihisho. Likigunduliwa mapanga yakiwa yanazunguka, mimi sitakuwa na ushauri wa kukupa.

Fomu ikishapokelewa, ndipo umwulize shangazi anataka kulala wapi, na usimjibie. Akisema palepale, mtobolee dirisha, maana nimeisoma barua yako mara mbili nikilitafuta sikuliona. Kisha waambie wote nyumbani kwamba kuanzia leo pale panaitwa kwa shangazi.