Kibaraza Kihamie Mfumo Gani?

Jumatatu, 4 Machi

Leo Baba Watoto kafoka. Si kawaida yake — huyu ni mtu anayemkemea hata paka kwa adabu. Asubuhi alikuwa anapanga kadi za harusi kwenye kompyuta, akatoka kwenda kununua wino. Mimi nikadhani amemaliza. Nikazima kazi yake, nikawasha Kibaraza. Aliporudi akakuta kadi hakuna, na kwenye skrini mtu anauliza habari za betri za gari.

“Hukuhifadhi?” nikamuuliza.

Hapo ndipo alipofoka.

Nikiri, ana haki kidogo. Duka la uchapaji ni letu sote, ila kompyuta ni moja, modemu moja ya kuiunganisha na simu, laini ya simu moja. Kibaraza ni changu, ubao wa ujumbe ndani ya kompyuta. Watu wanapiga simu kwa kompyuta zao, wanaingia mmoja mmoja, wanasoma ujumbe, wanajibu, wanatoka kumpisha mwingine. Na mfumo endeshi tulio nao ni wa zamani, unajua jambo moja tu kwa wakati. Ukiwa na mgeni, hautaki kusikia habari za kadi. Baba Watoto akiomba mashine, jibu langu ni lile lile: kuna mgeni ndani, subiri atoke.

Sasa kanipa mpaka mwisho wa mwezi. Ama mashine ifanye kazi zote mbili kwa pamoja, ama Kibaraza kifungwe. “Si ugomvi,” akasema. Ni ugomvi.

Sikifungi ng'o! Dukani mimi ni yule mama wa kukata karatasi. Kibarazani kila anayeingia ananisalimu kwanza mimi, kabla ya neno lolote. Nani tena duniani ananisalimu kwanza?

Jumanne, 5 Machi

Nimewaandikia wanachama. Ndugu zangu, tunahitaji mfumo endeshi unaoweza kumpokea mgeni huku unachapa kadi. Mnashauri upi? Jibuni kwa kifupi.

Kwa kifupi! Sijui nilikuwa nawaza nini.

Jumatano, 6 Machi

Wamejibu.

Daktari wa Meno anataka ule wa kununua, unaokuja kwenye boksi zuri lenye kitabu. Anasema kliniki kwake unaendesha miadi, muziki na hesabu kwa mpigo, na haujawahi kukwama hata siku moja.

Profesa kamrukia. (Si profesa wa chochote, ni mtunza ghala la matairi; jina kajipa mwenyewe.) Anasema aling'olewa gego pale kliniki juzi, na miadi yake iliandikwa kwa penseli nyuma ya kalenda. Yeye anataka ule wa bure, uliotengenezwa na watu wasiojuana kwa mapenzi tu. Nikamuuliza, je, ni rahisi? Akajibu kwamba urahisi ni utumwa. Haya.

Karani wa Benki anataka ule wa madirisha. Kwa nini? Kila mtu anautumia. Halafu una rangi.

Katikati ya hayo yote akaingia mwanachama anayejiita Kimya. Tangu ajiunge hajawahi kuandika. Leo kaandika: kuna anayeuza baiskeli ya mtoto, ya magurudumu matatu?

Hakuna aliyemjibu.

Ijumaa, 8 Machi

Laini haishikiki. Mmoja akitoka, mwingine yupo mlangoni na jibu refu kuliko la jana. Wateja wa duka wanashindwa kupiga. Mama mkwe naye kapiga. Jioni kaja mwenyewe, kwa miguu, kanuna: nampigia mwanangu, napokewa na jogoo anachinjwa!

Nikamweleza, mama, ile ni modemu. Akasema mchinje basi mmalize.

Nikaona nitumie busara. Nikawatangazia wanachama kwamba mchana mashine itachapa, Kibaraza kitafunguliwa jioni tu. Lo! Wote watatu wakakataa kwa sauti moja. Mchana wanapiga kwa simu za ofisini. Jioni ni simu zao wenyewe. Mabingwa wetu wa teknolojia wako tayari kufia mifumo yao, lakini si kulipia simu.

Jumapili, 10 Machi

Nimechoka kusikiliza. Nimeamua kuanza na wa bure, maana angalau bei yake naiweza. Profesa kaja dukani na disketi zimejaa sanduku la viatu. Ni mfupi kuliko maandishi yake. Kakaa, kakunja mikono ya shati, kaingiza disketi ya kwanza, kakuna kidevu.

Diski imejaa.

Haiwezekani! Nilikuwa na nafasi pale. Niliitunza tangu mwaka jana kama mtu anavyotunza shuka la wageni. Nikatafuta kilichoila. Nikakipata.

Mjadala! Mjadala wao wa mfumo gani tuweke ndio uliokula nafasi ya kuweka mfumo. Nilicheka mpaka machozi, kisha nikaona machozi mengine si ya kicheko.

“Si shida,” akasema Profesa. “Futa ya Daktari.”

Jumatatu, 11 Machi

Nimetangaza nafuta mjadala wote. Kumbe nimechokoza nyuki. Daktari anasema ile ni historia. Profesa anasema ni ushahidi. Karani wa Benki anasema bado hajausoma. Huyu ana kurasa na kurasa mle ndani za kuwajibu wenzake — alikuwa anajibu nini?

Kwa mara ya kwanza wamekubaliana jambo, nalo ni kunipinga mimi.

Sharti lao: nichape kila kitu kwanza. Nikasema nitanakili kwenye disketi. Hawataki. Disketi huharibika, eti. Watu wanaotuambia karatasi imepitwa na wakati!

Jumatano, 13 Machi

Nachapa. Printa inalia krii-krii tangu asubuhi na karatasi inateremka mpaka sakafuni. Baba Watoto kaisimamia. Karatasi zake hamwachii mtu. Anaipokea, anaikunja, anaikata. Nikamwona macho yanafuata mistari.

“Huyu Profesa ni nani?”

Mtunza ghala, nikamwambia.

“Hm.”

Mchana kutwa Kibaraza kimefungwa. Wanachama wamepiga simu kwa midomo yao kulalamika. Daktari alikuwa na mgonjwa kitini, nilimsikia akigugumia.

Alhamisi, 14 Machi

Mjadala wa zamani nimeufuta. Nafasi ipo. Kesho kutwa, Mungu akipenda, naweka mfumo mpya.

Wakati wa kula Baba Watoto anasukuma tonge tu. Hatimaye akasema, eti mifumo ya zamani ni ya watu waliochoka akili. Nikauliza nani kasema. Akasema Profesa, karibu na mwisho, ile karatasi iliyochanika pembeni.

Hapo nikaelewa. Mtu huyu ana mashine ya kukata karatasi aliyoachiwa na baba yake. Kila Jumamosi anaipaka mafuta, anaipangusa, nadhani anaisalimu pia. Ukisema cha zamani hakifai, umemtukana marehemu.

“Hebu mjibu huyo mtu,” akaniambia.

“Mjibu mwenyewe,” nikasema.

Nilikuwa natania. Ulimi huu utaniponza!

Jumamosi, 16 Machi

Kajiandikisha. Jina lake Kibarazani ni Mkongwe. Anachapa kwa vidole viwili, miwani kwenye ncha ya pua, na kila akimaliza sentensi anaisoma kwa sauti. Kamwambia Profesa kwamba kinachofanya kazi hakizeeki, kinachozeeka ni mdomo.

Nimefurahi, siwezi kusema uongo. Mtu aliyetaka kunifungia Kibaraza yumo ndani yake, kavua viatu! Hiyo amri ya mwisho wa mwezi nahisi imekufa kifo cha kawaida. Mfumo mpya nimeusogeza mbele kidogo ili nisimkatishe. Nimemletea chai hapo hapo kwenye mashine.

Jumanne, 19 Machi

Ile chai naijutia.

Mfumo wetu ni wa jambo moja, na jambo lenyewe sasa ni Baba Watoto. Akiwa anaandika, hakuna anayeweza kupiga akapata. Akitoka kula, wanaingia mbio kumjibu. Akirudi, anawajibu wote. Daktari anasema hajawahi kuona hoja nzito hivyo. Profesa anasema hakubaliani na Mkongwe hata kidogo, lakini huyu ndiye mpinzani. Karani wa Benki anaanza kuwa na mashaka na rangi.

Na wakiingia wanasema: habari za leo, Mkongwe. Yeye kwanza! Kisha mifumo. Mimi nikikumbukwa, nakumbukwa mwisho, kama mwenye nyumba kwenye sherehe ya mpangaji.

Imeniuma. Naandika hapa maana hakuna pengine pa kusema: imeniuma sana.

Kimya karudi. Anasema basi hata ya magurudumu mawili, mtoto anakua.

Hiyo tunayo stoo! Nikaketi nimjibu. Sikuwahi kumaliza mstari, bega langu likaguswa.

“Mke wangu, kidogo tu. Huyu Daktari kavuka mpaka.”

Alhamisi, 21 Machi

Leo nilikuwa niweke mfumo mpya, liwalo na liwe. Wowote. Hata wa madirisha. Sanduku la viatu la Profesa nimelishika mkononi.

Diski imejaa.

Safari hii nusu yake ni mume wangu. Nikamwambia, Baba Watoto, nafuta. Akanigeukia na uso wa mtu aliyeambiwa nyumba yake inauzwa. Akasema hakuna haja ya mfumo mpya. Amethibitisha. Yote yamo mle, nisome.

“Na kadi?”

“Kadi zitafuata.”

“Mwenyewe ulisema mpaka mwisho wa mwezi!”

Akasema wakati ule alikuwa hajafikiri vizuri.

Jumamosi, 23 Machi

Naandika hapa kaunta. Mama wa bibi harusi kaketi kwenye kiti cha wateja, pochi magotini, kama mtu aliyekuja na nia ya kulala. Harusi ni Jumamosi ijayo. Kadi haijachapwa hata moja. Kuhifadhiwa, safari hii zimehifadhiwa. Zinahitaji mashine tu.

Mashine ina Baba Watoto. Vidole viwili vinasikika kutoka chumba cha nyuma: ta. Ta-ta. Ta.

Nimemwita. Kasema naja. Nimemwita tena. Kasema anammalizia huyu mjinga. Nikaenda mlangoni nikamwambia mama wa watu amefika, mashine inatakiwa sasa hivi.

“Kuna mgeni ndani,” akasema bila kugeuka. “Subiri atoke.”

“Mgeni gani?”

“Mimi.”

Nimerudi kaunta. Mama wa bibi harusi kaniuliza, kwani huko ndani kuna nini? Nikamwambia kuna kikao. Cha nini? Cha kuchagua mfumo, ili mashine iweze kuchapa kadi zako huku inapokea wageni. Akafikiri kidogo. Akauliza kama leo kuna mgeni yeyote aliyepokelewa. Nikasema hapana, hawawezi kupiga. Akauliza, basi hata kwa huo wa sasa, si kadi zangu zingechapwa?

Wanachama wote, disketi zote, karatasi zote zile, na hakuna aliyewahi kuliuliza hilo.

Anasema mdogo wake ana mchapaji mtaa wa pili, mwenye taipureta tu. Ameshashika pochi kwa mikono miwili.

Waya wa kompyuta unapita chini ya kaunta. Plagi iko hapa, karibu kabisa na mguu wangu. Sijawahi kuitazama hivi.

“Baba Watoto!” nimeita. “Hayo unayoandika, umehifadhi?”

“Bado kidogo!”

Mama wa bibi harusi kaachia pochi. Kasogeza kiti aone vizuri. Nimevua kiatu —