Mwenye Nyumba Alilala Wapi?

Masaka, Uganda

Baba yangu mpendwa,

Kamwene, Baba. Shikamoo. Naomba Mungu karatasi hizi zikukute mzima, goti limetulia, na koti lako la sufu limerudi kutoka kwa fundi maana najua bila hilo husogei nje asubuhi. Mama ameniambia nyanya za msimu huu zimebeba vizuri na kwamba bado unagombana na madereva wa mabasi pale barabarani, wale wanaopiga honi kabla abiria hajamaliza kuchagua. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Nimekumbuka Ilula yote kwa hilo tu.

Usishangae kupata barua wakati simu zipo. Simu umenikatia mara mbili, Baba. Karatasi huwezi kuikatia, labda uichane, na nakujua, hujawahi kuchana kitu alichokiandika mwanao. Inakuja na mwenzangu wa kazini anayekwenda kwao Tunduma. Ataiacha kwa dada Atu pale Ilomba, na dada ameahidi kuileta mwenyewe na kukusomea taratibu kama miwani imepotea tena. Dada, ukifika hapa usiruke kitu kwa kumwogopa. Soma yote.

Mimi ni mzima wa afya. Kazi ya kitalu inaendelea, sasa nimepewa miche ya nyanya yote niisimamie. Wenzangu hapa walikuwa wanaacha nyanya zitambae chini kama maboga. Nilipoanza kuzisimika miti na kuzifunga kamba kama ulivyonifundisha, walinicheka wiki nzima wakasema Mtanzania anazivisha nyanya suruali. Mvua kubwa ilipopiga na zao zikaoza, wakaja mmoja mmoja kuuliza kamba inafungwaje. Nimewaonyesha, na sikuwacheka sana. Chakula ni matoke asubuhi, mchana na jioni. Nimenenepa, Mama atafurahi, lakini ugali wa nyumbani nauota.

Sasa nije kwenye lile lililokufanya ukate simu.

Kizito umeshaongea naye, yule fundi wa umeme wa jua ambaye ulisema sauti yake ni ya mtu asiyekunywa. Kwa desturi yao, kabla ya ndoa, ukoo wa mwanamume hufunga safari mpaka nyumbani kwa mwanamke kujitambulisha. Wanaita kwanjula. Ni kama sisi tunavyopokea washenga, ila wao huja kundi zima, kina mama wamevaa magauni yenye mabega yaliyosimama. Maana yake baba yake Kizito ndiye anayepaswa kuja Ilula. Huyo mzee wanamwita Ssalongo, jina la heshima la mwanamume aliyezaa mapacha. Bila yeye hakuna anayepanda basi.

Mara ya kwanza Kizito aliponipeleka kwao nilijiandaa sana. Nilipofika nilipiga magoti kuwasalimu wazee, na wao walishangaa, wakadhani Kizito amenifundisha. Nikawaambia hapana, hata sisi Wahehe mwanamke husalimia hivi. Mama yake alinishika mkono na kunikalisha karibu naye. Mambo yalikuwa mazuri, Baba, mpaka nilipoongeza neno.

Unajua nilivyokulia. Kila Siku ya Mashujaa unavaa medali zako, watu wanasimama kukupa mkono, mchungaji anakutaja kanisani kuwa ulikwenda Uganda kumng'oa dikteta. Mimi nilidhani upande wa pili wa mpaka wapo watu wanaosubiri tu mtoto wako atokee wamshukuru. Kwa hiyo nikasema, tena kwa sauti ya kujidai, "Baba yangu alikuwa mwanajeshi. Alipigana kuwakomboa ninyi, halafu akabaki kule kaskazini mwa Uganda zaidi ya miaka miwili."

Hakuna aliyepiga makofi. Mama yake Kizito alianza kukusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai. Ssalongo aliniangalia, kisha akasema kwa Kiswahili, na ndiyo mara ya kwanza kumsikia akikisema, "Simama, ndugu! Wapi kitambulisho?" Nikasimama kweli! Akacheka kidogo, akasema, "Kaa, mutoto. Hiyo ndiyo Kiswahili mimi najua. Walinifundisha watu ya kwenu, hapa kwa mulango."

Baadaye alinichukua mpaka shambani, Kizito akitufasiria kutoka Kiganda. Katikati ya migomba kuna bonde refu, jembamba, limeota majani. Nilidhani ni mfereji wa maji. Kumbe ni handaki. Kikosi chetu kimoja kiliweka kambi nyumbani kwao, kikalichimba. Yeye alikuwa kijana. Kabla ya vita kufika, askari wa dikteta walikuwa wamemchukua kaka yake mkubwa na hakurudi tena, kwa hiyo siku Watanzania walipoingia mama yake alitoka nje na vigelegele. Akawapisha sebule na chumba, yeye akahamia jikoni. Hakuna aliyemlazimisha. Aliwapikia chai kila siku kwa moyo mweupe, na wao wakamwita mama, wakamtengenezea paa lililotobolewa na risasi.

"Mwanzoni mama yangu alikuwa anaomba Mungu wasiondoke," Ssalongo aliniambia. "Baadaye akawa anaomba waondoke. Alikuwa mama yuleyule, na Mungu yuleyule."

Maana miezi ilipita, Baba, ikaja mingine. Dikteta alishakimbia, serikali mpya iliundwa, ikaanguka, ikaundwa nyingine, na yule mama bado yuko jikoni na moshi. Akaanza kukohoa. Siku moja baba yake Ssalongo alimfuata kamanda, mtu mstaarabu sana, akamuuliza kwa adabu wanafikiria kuondoka lini. Kamanda akamjibu bila ubaya wowote, "Mzee, sisi tukiondoka leo, kesho mtaliwa."

Nikamuuliza Ssalongo kama ulikuwa uongo. Akatikisa kichwa. "Ilikuwa kweli. Walipoondoka tulipata miaka mibaya sana. Ndiyo maana maneno yale yaliniuma kuliko kama angetudanganya. Mtu anakaa kwako kwa sababu ya kweli, utamwambia nini?"

Kisha akasimama pale juu ya handaki lake, akasema hatakuja Ilula mpaka ujibu swali moja. Hataki uombe radhi. Alisisitiza hilo, na mimi nalisisitiza. Swali ni hili: "Nyumba aliyolala baba yako kule kaskazini, mwenyewe alilala wapi?"

Nilikupigia simu nikakugusia habari ya sebule, nikakuuliza swali hilo, na ukanijibu kwa ukali hata mjumbe wa nyumba kumi angesikia: "Mwambie huyo mzee wako, bila sisi hata hiyo sebule asingekuwa nayo! Kwani tulikwenda kutalii kule? Kama ni kuja kunisimanga kwangu, wabaki hukohuko." Ukakata. Nilikaa chini kati ya miche yangu nikalia, Baba. Sitakuficha. Kizito nampenda na wewe nakupenda, na nilijiona nimesimama kwenye kizuizi cha barabara nisijue karatasi gani nionyeshe.

Mara ya pili ulijieleza kidogo kabla ya kukata. Ulisema mngeondoka siku ileile watu wangechinjana. Ulisema mlilinda hospitali, kwamba wewe mwenyewe ulikuwa unamsindikiza mkunga na bunduki begani, mvua inanyesha, akazalishe vijijini, kwa sababu majambazi walikuwa wamejaa. Ulisema vijana wenzako mliotoka nao Iringa wamezikwa kwenye udongo huu. Yote hayo nayaamini. Na nimemweleza Ssalongo habari ya mkunga. Alivua kofia.

Lakini Baba, nikuulize kitu, na nakuuliza nikiwa nimepiga magoti. Tulipokuwa wadogo ukitupeleka mjini Iringa, ulikuwa ukituonyesha lile jengo la mawe la Mjerumani. Ulituambia babu yako alikuwa anazunguka njia nzima ya nyuma ili asipite mbele yake. Na ulikuwa unasema, kila safari, mpaka mimi na dada Atu tukawa tunaigiza sauti yako: "Walitushinda, haya. Lakini kumshinda mtu ndiyo kuhamia kwake?"

Najua utaruka. Utasema ninyi hamkuwa Wajerumani. Kweli hamkuwa. Wao walikuja kutawala na kuchukua, ninyi mlikwenda kumwondoa mtu aliyetuvamia, na mwisho mkarudi nyumbani kwenu. Hiyo tofauti ni kubwa na nitaitetea mbele ya mtu yeyote, hata Ssalongo. Ila mimi naona ipo siku ambayo haki ya kukaa inakwisha, na siku hiyo haipigiwi tarumbeta. Aliye sebuleni haioni. Anaiona yule aliye jikoni. Jioni moja tulikuwa tunatazama habari kwenye televisheni, nchi nyingine kabisa, jeshi limeshinda na miaka inapita halijatoka, na msemaji wao anaeleza sababu. Ssalongo alisema, "Sababu yake nzuri. Hata yule wa kwetu alikuwa na nzuri." Akaomba chumvi, tukaendelea kula.

Sasa nikwambie kilichonipa moyo wa kuandika. Mama alinipigia Jumapili. Alisema tangu siku ile huongei sana, kwamba ulikaa nje na redio imezimwa, halafu ukamsimulia habari za bibi mmoja wa kule kaskazini. Kwamba ninyi mlilala kwenye nyumba yake, na yeye alihamia kwenye ghala la mtama, na kila asubuhi alikuwa anakuja kufagia mlango wenu kwa sababu ulikuwa mlango wake. Mama amekaa nawe miaka yote hii na hajawahi kuisikia habari hiyo. Alisema ulimkumbuka bibi yule hadi jinsi alivyoshika ufagio.

Baba, kumbe jibu unalo. Umekuwa nalo muda wote.

Ssalongo sijamwambia. Hiyo habari si yangu, ni yako na ya yule bibi. Nimemwambia tu kwamba baba anafikiri. Akasema, "Askari anayefikiri, huyo naweza kwenda kumwona." Akasema jibu usimtumie kwa simu wala kwa karatasi, atakuja alisikie mwenyewe kwa Kiswahili chake kile cha "wapi kitambulisho", na kama kitagoma Kizito atafasiri. Mama yake Kizito tayari anauliza Ilula kuna baridi kiasi gani, avae nini juu ya lile gauni. Mimi naona wanakuja, Baba. Kinachobaki ni wewe kusema karibuni.

Najua desturi yetu. Mgeni wa heshima hupewa kitanda cha mwenye nyumba, na Mama ameshaanza kuhesabu mashuka. Wewe na Mama mtajibana chumba cha nyuma, kwenye magunia ya vitunguu. Hilo nilimwambia Ssalongo nikidhani atafurahi. Akakunja uso, akasema atalifikiria. Nikaona nimeharibu tena.

Msalimie Mama sana, mwambie kitenge alichotuma nimekishona. Msalimie shangazi wa Kilolo, mwambie sijasahau kuwa yeye ndiye atakayesimama upande wetu kuwajibu wageni, aanze kuandaa maneno na asizidishe utani. Mjomba wa Tukuyu, kaka yake Mama, mwambieni ndizi anazojivunia huku wanalishia mbuzi. Shemeji wa Ilomba na watoto wa dada Atu nawabusu wote. Mchungaji naye umwambie aendelee kuniombea, na kanisani asitangaze kitu kwanza.

Nilikuwa nafunga barua hapa, Kizito akaja na ujumbe kutoka kwa baba yake. Nauandika kama alivyousema, sikuongeza wala kupunguza:

"Muandikie baba yako hivi. Nimekubali kulala kitanda chake. Lakini tunaondoka Jumapili, ibada ikiisha, hata kama atatubembeleza. Hiyo umuambie kwanza. Halafu ndiyo umuulize tuje Ijumaa gani."

Nasubiri utaje Ijumaa, Baba.

Binti yako akupendaye,
Upendo