Merv Tregenza, Mlinzi wa Mlango wa Ukumbi wa Kooralbie

Mwaka umetimia, Merv, tangu tulipokuzika asubuhi ile ya baridi ya Julai, na bado Nola mkeo anaweka vikombe viwili mezani.

Tunakumbuka mikono yako iliyonukia siagi ya kiwandani hata Jumapili. Tunakumbuka peremende mfukoni mwa koti lako, na jinsi ulivyowasindikiza wazee makwao baada ya kikao, ukijifanya na wewe una safari ya huko huko.

Ukumbi wa chama chenu cha kusaidiana na kuzikana ulikuwa nyumba yako ya pili. Babu yako alifyatua matofali yake kwa udongo wa mtoni, wakati mji mzima ulikuwa wa mbao. Chama kiliwatafutia watu daktari kabla hatujawa na hospitali, na mwanachama akifa, ndugu zake wa chama walimzika wakiwa wamevaa aproni za chama, kila mmoja akidondosha tawi bichi kaburini. Wewe ulikuwa mlinzi wa mlango. Kikao kikishafunguliwa, hakuingia mtu bila kubisha mara tatu na kutoa neno la siri. Hata sisi wa nyumbani hukutuambia neno hilo.

Kisha moto wa msituni ukashuka na upepo, nanyi mko kikaoni. Watu wa kando ya mto walikimbilia jengo pekee la matofali. Bibi Bewley aligonga mlango kwa kiatu, watoto wakiwa wamemng'ang'ania sketi. Ukafungua.

Royce Dunnage, mkuu wa chama, akainuka kitini. "Mlinzi, wamekupa neno?"

"Wamenipa, Ndugu Mkuu," ukajibu. "Wamesema 'moto'."

Waliingia wote, wakapona wote. Moshi uliokuingia kifuani wewe ukiwavuta ndani haukutoka tena.

Kwa hilo Royce alikufukuza. Alikuvua aproni mbele ya watu uliowafungulia mlango miaka yote, akalikwangua jina lako kwenye ubao wa majina ya wanachama, ulioandikwa kwa dhahabu. Ulipokufa aliwakataza ndugu zako wa chama kuja makaburini, nao wakamtii. Lilidondoka tawi moja tu, la mwanao Garth.

Tulilia, Merv. Tulipomaliza kulia, tukakaa kitako tukafikiri.

Bila wewe walibaki saba, na Garth ndiye wa saba. Unaijua sheria yao: wakiwa chini ya saba, kikao hakifunguki. Vikao vitatu mfululizo vikishindikana, chama kimekufa, na ukumbi ni mali ya mji. Nani hapa Kooralbie angejiunga kuwaokoa, baada ya moto ule?

Dada yako Ivy alimwambia Garth, "Usijitoe, mwanangu. Nenda kila kikao. Ila usivuke kizingiti."

Akaenda. Alikitoa kiti chako nje ya mlango, akakikalia, akamenya peremende. Mara ya kwanza walicheka. Mara ya pili walimletea chai. Mara ya tatu Royce alitoka mwenyewe, mkufu wa ukuu shingoni.

"Garth, acha utoto. Ingia, tupo sita."

"Hesabuni tena, Ndugu Mkuu. Labda mzee yumo humo."

"Baba yako alivunja kiapo."

"Basi mimi ninakishika. Ninalinda mlango."

"Unakiua chama cha babu zako, kijana."

"Pole sana," Garth akasema. "Matawi tutaleta."

Tulileta kweli. Siku walipokabidhi funguo, Nola aliweka tawi moja bichi mezani mbele ya Royce, akampa mkono wa pole kama anayempa mfiwa. Tusiseme uongo kwenye tangazo la marehemu: tulifurahi, na hatujaacha kufurahi.

Jumamosi hii kutakuwa na chai na keki za nazi ukumbini. Jina lako limerudi ubaoni. Mlango utakuwa wazi, na kila mtu ataingia bila kubisha.

Royce ameomba kuja. Tumemwambia aje. Garth atakuwa kitini, na kwa Royce peke yake mlango utafungwa. Atabisha mara tatu, ataulizwa neno, na neno ni jina lako. Tunataka kulisikia likitoka kinywani mwake, kwa sauti, mji mzima ukiwa kimya.

Unakumbukwa na mkeo Nola, wanao Garth na Lorraine, dada yako Ivy, wajukuu, na wote walioingia kwa neno "moto". Maadamu mlango ule una bawaba, hatutakusahau.