Mvuke Niliouandika Kuwa Hasara

Morogoro,
Jumatano, mchana.

Mke wangu mpendwa, Mama Neema,

Pole na baridi ya huko Endagikot. Waliotoka Mbulu juzi wanasema ukungu haufunguki mpaka saa tano, nami nimekuwa nikikuwaza unavyokamua ng'ombe vidole vikiwa vimekufa ganzi. Mama magoti yake yanaendeleaje? Mpe shikamoo yangu kabla hujaendelea kusoma. Neema kikohozi kimemwachia? Na maharage ya bondeni, mvua hii haijayaozesha?

Mimi ni mzima, yaani ninakula, ninatembea, na ninakuandikia. Mwandiko umepinda kwa sababu natumia mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa bandeji toka kwenye vidole mpaka karibu na kiwiko. Daktari amesema ngozi itarudi. Usimwite mtu bado. Kaa chini usome mpaka mwisho.

Jumamosi ya wiki ya juzi, uliponiuliza mbona sauti yangu inatetemeka, nilikujibu ni mtandao. Haukuwa mtandao. Kwenye simu nimezoea kukudanganya, Mama Neema. Muda wenyewe mfupi, Mama anataka kusalimia, mtoto anataka kusalimia, nami nasema salama, salama, basi yanaisha. Ndiyo sababu nimeandika. Barua nampa kondakta wa basi, na shemeji Daniel nimemwomba aipokee stendi ya Mbulu bila kumwambia ina nini.

Unajua niliajiriwa hapa kama fundi umeme. Lakini tangu mwishoni mwa mwaka jana meneja alinipa kazi nyingine, ya kupima nishati. Kiwanda chetu kinatia rangi vitenge na kuvikausha. Kuna boila kubwa inayochoma pumba za mpunga, inachemsha maji, na mvuke wake ndio unaokwenda kwenye matangi ya rangi na kwenye mashine za kukaushia. Kazi yangu ni kuzunguka kila saa na daftari, nasoma mita ya kila idara, naandika, halafu natafuta ni wapi umeme au joto linapotea bure.

Niliipenda kazi hiyo. Nilikuta mabomba ya upepo wa kusukumia mashine yanavuja kwenye viungo zaidi ya ishirini, nikayaziba mimi mwenyewe. Nilikuta mota moja inazunguka saa nzima ya chakula bila kitambaa hata kimoja. Mabomba ya mvuke yalikuwa uchi, ukipita karibu unaungua sikio, tukayafunga kwa blanketi la kuzuia joto. Matumizi yakashuka. Unakumbuka nilivyokutambia kwenye simu kwamba sasa meneja ananiita kwa jina? Nilijiona mtu.

Siku moja nikapanda juu ya boila. Nikakuta valvu ya usalama inatoa mvuke kidogo kidogo, inapiga mluzi. Nikueleze kidogo, maana hapo ndipo jambo lenyewe lilipo. Valvu hiyo kazi yake ni kufunguka yenyewe mvuke ukizidi nguvu, iuteme nje. Isipofunguka, inayopasuka ni boila yenyewe, na boila ikipasuka haibaki nyumba. Ile yetu ilikuwa imechakaa, haifungi vizuri. Ilitakiwa boila izimwe siku mbili, ibadilishwe.

Nami nilikuwa na haraka, nilitaka kumaliza ripoti. Nikaandika hivi: "Valvu ya juu inapoteza mvuke. Ni hasara. Izibwe."

Nilipaswa kuandika ibadilishwe. Niliandika izibwe. Nikatia sahihi.

Baada ya wiki mbili hivi daftari langu likaonyesha pumba zinazochomwa zimepungua kuliko nilivyotarajia. Meneja akatukusanya uwanjani, akanisimamisha mbele, wakanipigia makofi. Siku hiyohiyo saa ya chai, Mzee Mashaka akaniita pembeni. Huyu ndiye mwendesha boila wetu, mtu mzima, mpole, hukaa ndani ya chumba cha boila na reki yake kutwa nzima akilisha moto.

"Baba Neema," akaniambia, "panda juu ukaone ulichopigiwa makofi."

Nikapanda. Nikakuta kipande cha nondo kimebanwa juu ya valvu na kuchomelewa pande zote mbili. Isingefunguka hata kwa miujiza. Nikashuka ngazi kwa makalio kama mtoto.

"Nani kafanya hivi, mzee?"

"Bwana Lukindo. Alisema ndivyo ripoti yako inavyotaka." Lukindo ndiye supavaiza wetu.

"Na wewe hukumwambia?"

"Nilimwambia. Akanijibu niangalie geji tu, mshale usiingie kwenye nyekundu. Sasa macho haya, Emanueli, yamebaki nusu. Na siku umeme ukikatika?"

Hilo la umeme ndilo lililoninyima usingizi. Umeme ukikatika mashine zote zinasimama, hakuna anayeuchukua mvuke. Pampu ya maji nayo inasimama. Lakini pumba haziambiwi zizime. Zinaendelea kuwaka, maji yanapungua, mvuke unajaa.

Nikaenda kwa Bwana Lukindo. Hakupaza sauti. Alifungua faili, akaniwekea ripoti yangu mbele.

"Soma hapo. Imeandikwa nini?"

"Izibwe."

"Sahihi ya nani?"

"Yangu. Lakini sikumaanisha hivyo, bosi, na wewe unajua."

"Mimi najua kusoma tu. Tuna oda ya kumaliza. Mwisho wa mwezi tutazima, tutabadilisha. Ukitaka kwenda kwa meneja, nenda, ila ujue unakwenda kujishtaki mwenyewe."

Nikatoka. Sikwenda kwa meneja, Mama Neema. Siku hiyo sikwenda, ya pili sikwenda, ya tatu sikwenda. Niliwaza kazi, niliwaza bati tulizokwisha kuezeka nusu, niliwaza nikirudi nyumbani na baba yako akiniuliza nimefanya nini. Kila ndoo ikianguka nilishtuka. Na kuna jambo baya zaidi ambalo sijamwambia mtu. Nilibadilisha njia yangu ya kuzungukia mita ili chumba cha boila nikipite mbiombio, dakika moja tu, huku Mzee Mashaka amekaa humo tangu asubuhi mpaka jioni. Nilimsalimia shikamoo mlangoni, nikaenda zangu. Uliponipigia ile Jumamosi nilikuwa kwenye hali hiyo.

Jumatatu yake, kabla ya saa sita, umeme ukakatika.

Kwa kawaida ukikatika watu hushangilia, wanakaa juu ya majora ya vitenge wanapiga soga. Nami nikawasikia wakicheka. Jenereta ikajaribiwa, ikagoma. Nikakimbia kwenye chumba cha boila. Mshale wa geji ulikuwa umeshavuka nyekundu, umelala upande wa pili. Boila ilikuwa inanguruma chini chini, sakafu inatetemeka, naisikia kwenye meno. Nikamkumbuka dada yako alivyotusimulia ile asubuhi kijijini kwake Jorodom, matope yalipotoka mlimani, kwamba alisikia ngurumo akadhani ni malori, akachelewa kutoka kwa sababu alikuwa anafikiria ni malori ya nani.

Nikakimbia. Nataka ujue hivyo. Sikushika kitu, sikufunga kitu. Nilitoka mbio nikipiga kelele, "Tokeni! Tokeni nje wote! Boila!" Kina mama wa idara ya kukunja wakanitazama kwanza, kisha mmoja akatupa mkasi akakimbia, wote wakamfuata. Nilifika mpaka getini. Nilikuwa wa kwanza kufika getini, Mama Neema, mimi ninayeijua hatari.

Pale getini nikageuka kuangalia watu wanavyotoka. Walitoka wengi, wamevaa mabuti, wamevaa kandambili, wengine peku. Mzee Mashaka hakutoka.

Sikuwaza jambo la kishujaa. Nilikuwa nalia. Nilikuwa nasema, "Mzee toka, mzee toka," kama vile ananisikia. Halafu nikajikuta nimesharudi nusu ya uwanja.

Alikuwa mbele ya mdomo wa tanuri, anavuta pumba zinazowaka kwa reki, anazimwaga sakafuni, moto umemzunguka miguu. Mabuti yake ya mpira yalikuwa yanayeyuka. Aliponiona hakuuliza nilikuwa wapi.

"Fungua ile ya mkono!" akanipigia kelele. "Bomba la ukutani! Mimi siwezi kuuacha moto!"

Kuna bomba linalotoa mvuke nje ya ukuta, lina gurudumu la chuma la kuzungusha kwa mkono. Lilikuwa halijafunguliwa kwa muda mrefu. Nilishika kwa mkono wa kulia bila glavu, likaniunguza, nikaliachia. Nikalishika tena. Halikuzunguka. Nikavua shati nikalizungushia, likazunguka kidogo, shati likateleza, nikamalizia kwa mkono. Sijui nilipiga kelele au la. Nakumbuka tu mvuke ulipotoka nje ulilia sauti ambayo sijawahi kuisikia, watu getini walidhani ndiyo imepasuka. Wengine walilala chini.

Mshale haukusogea. Tulisimama tunautazama, yeye na reki, mimi na mkono wangu. Kisha ukatikisika. Ukarudi kidogo. Ukarudi tena. Mzee Mashaka akakaa sakafuni palepale akaniambia, kwa upole tu, "Nivue viatu, mwanangu." Viatu havikuvulika.

Hakuna aliyekufa. Yeye amelazwa, miguu yote miwili. Madaktari wanasema atatembea, lakini polepole.

Mkaguzi wa boila kutoka serikalini alikuja, akaifunga kwa utepe na lakiri. Siku ileile Bwana Lukindo alinifuata hospitali nilikokuwa nimelazwa. Alileta machungwa. Akaniambia nirudie kuandika ukurasa mmoja wa daftari, maana chini ya usomaji wa zile siku tatu nilikuwa nimeandika kwa penseli, "Valvu imechomelewa." Nilikuwa nimeyaandika hayo kwa woga, ili yawepo mahali fulani, hata kama sikumwambia mtu. "Ukurasa huo unatuzamisha wote wawili," akasema. "Wewe ulijua, mimi nilijua. Ukiondoka huo, hakuna aliyejua."

Nilitaka kukubali. Sikufichi. Machungwa yale yalikaa kwenye kimeza mchana kutwa nikiyatazama. Kesho yake niliporuhusiwa, nilipanda bodaboda na bandeji yangu, nikampelekea mkaguzi daftari lote. Alisoma mstari kwa mstari. Kisha akaweka kidole.

"Hizi siku tatu ulijua?"

"Nilijua."

"Hukumwambia meneja?"

"Sikumwambia. Niliogopa."

Akaandika. Hakunipa pole wala hakunigombeza, na hilo ndilo linaloniogopesha, kwa sababu sijui alichoandika. Bwana Lukindo amesimamishwa kazi. Mimi nimeambiwa nisiondoke Morogoro mpaka uchunguzi umalizike. Wapo wafanyakazi wanaonishukuru. Wapo wanaonyamaza nikipita, na mmoja alisema kwa sauti nisikie, kwamba kabla sijaanza kuhesabu mvuke wao walikuwa salama.

Juzi nilikwenda kumwona Mzee Mashaka. Alikuwa amelala. Mkewe alikuwa anampepea kwa kipande cha boksi. Nikampa shikamoo, akaitikia, akanitazama mkono, kisha usoni.

"Ni wewe uliyekimbia," akauliza, "au ni wewe uliyerudi?"

"Ni mimi, mama. Ndiye huyohuyo."

Akanisogezea kiti. Tulikaa mpaka muda wa kuona wagonjwa ulipokwisha.

Sasa sikia hili la mwisho. Valvu mpya imefika na mkaguzi ameijaribu. Jumatatu ijayo saa nne asubuhi watawasha boila. Meneja ameomba mimi nisimame pale nisome geji na kuandika, kwa sababu wafanyakazi wamesema hawataingia ndani mpaka wanione mimi nimeingia. Hata hao wanaoninunia. Nimekubali. Lakini naogopa, mke wangu. Birika la chai likianza kuimba hapa kwa jirani natoka nje. Nimekwenda mara mbili mpaka mlango wa chumba kile nikarudi. Nimemwomba mkaguzi nipande mwenyewe juu niiguse valvu mpya kwa mkono wangu huu mzima kabla hawajaweka moto, amekubali.

Mwambie Mama kadiri atakavyoweza kubeba, wewe unamjua. Baba mkwe msomee yote, hasa pale getini. Sitaki ayasikie kwa mtu mwingine. Msalimie dada yako wa Jorodom, mwambie sasa nimemwelewa. Mjomba Bura anayetulimia na ng'ombe wake, mwambie shamba la juu alipande shayiri, asinisubiri. Katekista mwombe wamtaje Mzee Mashaka Jumapili kwenye maombi, wamtaje kwa jina. Neema mwambie baba ameungua mkono kazini na unapona, basi, inatosha kwake.

Jumatatu asubuhi usinipigie. Panda pale kilimani penye mtandao, ukae na simu mkononi. Ikishachemka, na mshale ukisimama mahali pake, mtu wa kwanza kusikia sauti yangu utakuwa wewe. Itakuwa inatetemeka. Safari hii usiniulize kwa nini.

Mumeo anayekupenda,
Emanueli, Baba Neema