Ngamia wa Taa Asiye na Chapa

Walaal Dekow, ndugu yangu,

Umeniacha katikati ya ubishi, na hiyo si adabu. Mtu humaliza kugombana kwanza, ndipo afe.

Tangu tukuzike hapa Garissa, imekuja mvua ya ajabu. Mto Tana ulipanda mpaka mashambani, na maradhi yaliyofuata yakawamaliza ngamia wangu. Wote, walaal. Hata yule mzee mwenye jicho moja uliyesema tumetoka tumbo moja. Chuma changu cha chapa kinaning'inia tu ukutani, hakina paja la kuunguza.

Binti yako Halima amekuja kutoka Nairobi. Bado anafanya ile kazi ya taa ya leza kwenye ukumbi wa harusi: mwali mmoja mwembamba unakimbizwa ukutani toka nukta hadi nukta, upesi mpaka macho yanadanganyika yanaona picha. Anataka karatasi yako ya mwisho, ile ya miraba uliyomchora ngamia jike akimlamba ndama, aingize nukta zake kwenye kompyuta. Karatasi ilikuwa kwangu, chini ya godoro. Nilikataa kuitoa.

Sababu unaijua. Uliniuliza ngamia hugeuzaje shingo, wewe uliyechora ramani za visima ofisini maisha yako yote. Mimi wa darasa la tatu nikalala mkekani nikakuonyesha kwa shingo yangu, mkeo akadhani nimeshikwa na kifafa. Halafu chapa yangu hukuichora. Ukasema, "Nukta zikizidi, mzee, taa haiwahi. Picha itatetemeka kama wewe ukiwa na malaria."

Nikakwambia ngamia bila chapa ni wa mwizi. Na si uongo. Yule swala uliyemchora kabla ya ngamia, Halima alimtia kwenye disketi akawagawia wenzake wenye mashine za leza, na sasa kuna mtu Mombasa anamwonyesha kwa jina lake mwenyewe. Nilikuja hospitalini makusudi nikucheke. Ukaniuliza kwa sauti ndogo, "Wangapi wamemwona?" Nikaondoka nimenuna. Kesho yake asubuhi ulikuwa umekwenda.

Juzi niliitoa karatasi, nikashika penseli, nikamtia ngamia wako chapa pajani. Nukta sita tu. Halima akahesabu, akasema, "Adeer, ami yangu, zimezidi. Toa kitu kingine." Tukatafuta. Miguu haikutoka, nundu haikutoka. Kilichobaki cha kutoa ni ulimi wa mama juu ya mgongo wa ndama.

Nilikaa na raba mkononi mpaka chai ikapoa. Kisha nikafuta chapa.

Jumatatu Halima anapanda basi na karatasi yako. Nimemwambia ampe nukta zake kila atakayeomba. Wakiandika majina yao, waandike. Nitawatukana nikiwa huku huku, hawatasikia.

Mungu akupanulie kaburi, walaal. Ijumaa nitapita nikusomee Fatiha. Yasini ni ndefu, nawe wanijua. Chapa sitamtia. Nakuahidi hivyo, ingawa sasa sina ngamia mwingine ila huyu wa taa.