Maneno Aliyosomewa Mama

Mbekenyera, Ruangwa
Alhamisi, mwezi wa sita

Mdogo wangu Hajra,

Assalaam aleikum warahmatullah. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shangazi na wote wa nyumba yenu hapo Nachingwea. Mguu wa shangazi umepoa? Mwambie ile dawa ya kuchua asiache kwa sababu tu maumivu yamepungua, yeye tunamjua. Huku tupo. Mama hajambo, presha imetulia tangu abadilishiwe dawa. Ufuta tumeshaukata na kuusimamisha ukauke, sasa tunaukung'uta kidogo kidogo. Mama hataki kukaa, kila ukigeuka umemkuta na ungo.

Najua utashangaa kupata karatasi kutoka kwangu, wakati simu zipo na namba yako ninayo. Nimeandika kwa mkono kwa sababu haya si maneno ya kupita kwenye simu. Nimemkabidhi Jumanne, dereva wa Hiace ya Nachingwea, akuletee mpaka mlangoni kwa shangazi. Ukimaliza kuisoma usimpe mtu mwingine aisome. Na tafadhali isome yote, hata ukifika mahali ukataka kuichana.

Unaikumbuka siku niliyoweka ile status. Wewe ndiye uliyenipigia ukaniambia, kaka, ifute. Mimi nikacheka, nikasema nimewachagua wa kuiona, ni watu wangu tu. Lakini sijawahi kukueleza ilivyoanza. Taa ya darubini pale maabara ya kituo ilikuwa imeungua siku nyingi, na nilikuwa nimeshamwambia Daktari Saturnini mara kadhaa. Siku hiyo wagonjwa walijaa benchi lote, watoto wana homa, na mimi nalazimika kusogeza darubini dirishani nitafute mwanga wa jua. Majibu yakachelewa. Daktari akatoka chumbani kwake, akanifokea mbele ya wagonjwa wote, akasema nimekaa pale kama mgonjwa mwenzao. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni akacheka. Sijui kwa nini kicheko chake kiliniuma kuliko maneno yenyewe.

Nilipotoka kazini nikachukua picha yangu niliyovaa koti jeupe, chini yake nikaandika yote. Kuhusu taa niliandika ukweli. Kuhusu glavu pia niliandika ukweli, kwamba tunapewa kwa kubaniwa kana kwamba tunazila. Ningeishia hapo labda leo ningekuwa na la kujitetea. Lakini hasira ilikuwa tamu, mdogo wangu. Nikaendelea. Nikaandika kwamba nafanya kazi chini ya mtu ambaye sentensi moja inamshinda kuimaliza mpaka wagonjwa wapone wenyewe, ila matusi yanamtoka kama maji ya bomba. Kile kigugumizi chake, ambacho hata watoto wa pale mtaani hawakuwa wakimwigiza, mimi nikakifanya kichekesho. Watu wakanitumia vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Nikajisikia mwepesi, nikalala vizuri kabisa.

Kesho yake nilikuwa na mapumziko. Niliporudi kazini Daktari aliniita, akaniambia mkataba wangu unaisha na hautaongezwa, na kwamba nisingoje mwisho wake. Nikauliza kosa langu. Akasema, "Ulichoandika nimekisoma kwa macho yangu." Hakufoka. Wala hakuniambia amekisomea wapi.

Sasa nawe fikiria nilivyofikiri. Katika wale niliowachagua, mtu wa kazini alikuwa mmoja tu, Rahimu. Rafiki yangu, muuguzi wa pale kituoni, mchumba wako. Na haukupita muda Rahimu akapewa usimamizi wa zamu. Nikajumlisha mwenyewe, nikapata jibu nililolitaka. Nikamfuata kwenye kijiwe cha bodaboda pale Ruangwa mjini, watu wanasikia, nikamwita mnoko, nikamwambia ameniuza apate cheo. Akasema, "Siyo mimi, Ashraf." Nikamwuliza, kama siyo wewe ni nani? Akanyamaza. Akainamisha kichwa, akawa anaangalia viatu vyake. Ule unyamavu mimi nikauona ndio ushahidi.

Na bado sikutosheka. Nikaingia kwenye kundi la ukoo, nikaandika kwamba kijana tuliyempa neno amenichoma kwa bosi na hafai kuingia nyumba yetu. Yaliyofuata unayajua wewe kuliko mimi, maana yalikuangukia wewe. Baba mdogo Mohamedi akapandwa na hasira, mahari yakarudishwa, na wewe ukaniambia kwenye simu kwamba kama Rahimu amemfanyia hivi kaka yako basi humtaki. Ulisema hivyo kwa ajili yangu. Nakumbuka sauti yako ilivyokuwa. Rahimu naye alichekwa mpaka akaacha kazi, akahamia Ruponda kwenye zahanati ya huko. Mama tulimwambia maneno mafupi tu, kwamba kijana si wa kuaminika, na kwamba mimi nimeachishwa kwa sababu kituo kinapunguza wafanyakazi. Tuliogopa presha yake. Alilia kwa ajili ya posa yako, kisha akanyamaza.

Wiki iliyopita tulikuwa uani, mama anapepeta ufuta, mimi nashona magunia. Ghafla akaniambia kwamba amechoka kuniona nimekaa, atakwenda mwenyewe kwa Daktari Saturnini akaniombee nirudi. Nikamwambia haina haja. Akasema, "Mwanangu, yule mzee ananiheshimu. Hata maneno yako alinisomea yeye."

Nikamwuliza maneno gani.

Akaweka ungo chini, akanieleza huku anatabasamu. Kumbe ile siku ya mapumziko yangu alikuwa amekwenda kliniki yake ya presha. Asubuhi, wakati anangoja gari, alifungua ile simu ya kupangusa niliyomnunulia, akaona picha yangu na koti jeupe, na chini yake maandishi mengi. Unajua mama anavyosoma, majina na namba anaviweza, maandishi marefu yanamshinda. Basi alipoingia kwa Daktari akampa simu, akamwomba amsomee mwanawe ameandika nini. "Akanisomea vizuri, kwa taratibu," akasema. "Umesema unashukuru kwa kazi, na unawaombea wagonjwa wapone. Ukanisalimia na mimi."

Hajra, sindano ya magunia ilinichoma kidoleni na sikusikia. Mimi nilipochagua watu wa kuiona ile status niliwaweka ndugu wote bila kufikiri, na mama naye ni ndugu. Sikuwahi kumhesabu kama msomaji.

Nikaomba ruhusa kwamba nakwenda Ruangwa kutafuta kibarua. Nilikwenda Ruponda. Nilimkuta Rahimu nyuma ya chumba alichopanga, anafua sare zake za kazi. Hakusimama wala hakunifukuza. Nikamwambia alichonieleza mama. Akaendelea kukamua shati mpaka likaisha maji, akalitundika kwenye kamba, ndipo akazungumza.

Alinieleza kwamba asubuhi ile yeye ndiye aliyekuwa anamfunga mama kipimo cha presha mkononi. Alimwona akitoa simu kwenye pindo la khanga na kumpa Daktari. Rahimu alikuwa ameshasoma ile status jana yake, kwa hiyo alijua kilichomo, akatamani kuinyakua ile simu lakini mikono yake ilikuwa kwenye kipimo. Daktari akavaa miwani, akasoma kimya mpaka mwisho. Mama anamwangalia usoni, anangoja. Rahimu anasema kimya kile kilikuwa kirefu mpaka mama akauliza, "Kwani ameandika vibaya?" Ndipo Daktari akaanza kusema, na kigugumizi siku hiyo kilimkaba kuliko siku zote. Lakini akasema. Akatunga maneno mazuri, moja moja, mpaka yakaisha. Mama akafuta kioo cha simu kwa khanga, akashukuru. Daktari akamsindikiza mwenyewe mpaka mlangoni, kisha akarudi akamwambia Rahimu kwamba yule mama asijue kamwe alichokuwa amekishika mkononi.

Nikamwuliza Rahimu kwa nini hakuniambia mimi, hata pale kijiweni nilipomtukana. Akanijibu bila hasira. "Wakati ule ulikuwa unaandika kila kitu, Ashraf. Ningekuambia, ungeandika."

Ni kweli, ningeandika. Nikamwuliza, na Hajra je, hata yeye hukumwambia? Akachukua suruali nyingine kwenye beseni, akaigeuzageuza. Akasema alikuwa anangoja mkae wawili, ana kwa ana, akueleze. Mahari yalirudi kabla hajaipata siku hiyo. Na baada ya hapo aliona akikuambia ataonekana anamsukumizia mama lawama ili ajiokoe.

Huyo ndiye mtu niliyemwita mnoko mbele ya watu.

Nilipotoka kwake sikurudi nyumbani moja kwa moja. Nilipita kituoni kwa Daktari Saturnini, nikakaa kwenye benchi la wagonjwa mpaka zamu yangu ikafika. Nilimwambia sikuja kuomba kazi. Nimekuja kumwomba radhi kwa nililosema juu ya ulimi wake, na kumweleza kwamba mama anakuja kuniombea, na kwamba sistahili kumwomba chochote lakini namwomba amsitiri tena. Akavua miwani. Akasema taa ya darubini aliagiza, ilifika wiki ile ile niliyoondoka. Akasema pia kwamba alikosea kunifokea mbele ya watu. "Ungeingia hapa ukafunga mlango ukanitukana," akasema, "ningekasirika siku mbili, basi." Halafu akasema mama yetu ni mgonjwa wake, hana sababu ya kumuumiza. Hakuniambia nirudi kazini, na mimi sikutegemea.

Mama alikwenda juzi. Alivaa khanga yake mpya. Alirudi ameridhika kabisa, kwamba Daktari amempokea kwa heshima, amemnunulia soda, amemwambia mwanawe ni kijana mwenye bidii ila nafasi kwa sasa haipo. Jirani yetu Shakila alipopita mama akamsimulia tena hayo yote. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale. Watu wawili niliowavunjia heshima ndio wanaomlinda mama yangu na maneno yangu mwenyewe, na mimi nakula ugali wake kila siku nikiinamisha uso.

Kwenye kundi la ukoo jana niliandika mstari mmoja, kwamba Rahimu hakunichoma, nilimsingizia. Wakaja juu, wakauliza ni nani basi. Sikuwajibu na sitawajibu. Baba mdogo nitamfuata mwenyewe Chunyu, nimwambie uso kwa uso kwamba kosa ni langu na aniadhibu atakavyo, lakini la mama sitalitaja. Nimekutajia wewe peke yako. Nilijiuliza sana kama nikuambie. Nikaona umepoteza mtu kwa sababu ya uongo wangu, kwa hiyo una haki ya kuujua ukweli wote, siyo nusu. Nakuomba tu, ukija nyumbani na mama akikusimulia jinsi Daktari alivyomsomea, msikilize mpaka mwisho.

Mimi sikuombi unisamehe leo. Ukinikasirikia mwaka mzima nitajua ni halali yako. Na wala sikuandikii kumrudisha Rahimu kwako, hilo si langu tena, nilishaliingilia mara moja na umeona. Yeye hakunituma. Hajui kama nakuandikia.

Nifikishie salamu kwa shangazi na kwa mafundi cherehani wenzako. Mama anakusalimu, anasema ukipata nafasi uje uchukue ufuta wa kupeleka huko. Mungu akuweke salama na akufungulie kazi zako.

Limebaki moja, nilitaka kuliacha lakini nimeona si haki yangu kulificha. Wakati naondoka Ruponda, Rahimu alinisindikiza mpaka barabarani. Tulisimama kungoja gari. Gari lilipotokea ndipo akaniuliza, macho yake yako mbali, kama kichwa bado kinakuuma ukishona mpaka jioni. Mimi ni kaka yako na sikujua hata kama kinakuuma. Ukitaka, mjibu mwenyewe.

Ni mimi kaka yako,
Ashraf