Sura ya Mlango Uliobebwa Mgongoni

Papa Kizunguzungu,

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mama yangu. Ile sura ya mlango, uliyoichana kwenye kaye, daftari lako, ukasema haina chumvi, mimi niliicheka. Niliicheka mpaka machozi yakalowesha sketi ya shule. Hukusikia kwa sababu sikutoa sauti.

Ulikuwa upande wa pili wa kitenge. Sheria hiyo uliileta wewe kutoka redioni kule Sake. Uliniambia kwamba wewe na Papa Bauma, mwenzako wa michezo, kabla ya kurusha mchezo wowote, mliujaribu kwanza huku mlango wa studio ukiwa wazi kidogo, na mama mfagiaji akiwa koridoni mahali asipowaona. Akicheka, mchezo unaenda hewani. Akiendelea kufagia, unatupwa. "Muntu akikuona ku sura, atacheka juu ya heshima," ulisema. "Zaidi mutoto mbele ya mukubwa. Kitenge njo kinazuia heshima isipite."

Kwa hiyo vita viliponyamazisha redio, ukahamia huku Kibua na kuanza kuandika kitabu, ulitundika kitenge cha mke wako, Mama Adela, katikati ya sebule. Mkono wako ulikuwa umeanza kutetemeka, ukatafuta mwanafunzi mwenye mwandiko mzuri. Mimi nilikaa upande wangu na kalamu ya biki, wewe ukasoma upande wako. Nikicheka, ulinipa ukurasa niuandike safi. Nikinyamaza, nilisikia karatasi ikichanika.

Ningekuambia nini, Papa? Nilikuwa na miaka saba tulipokimbia Masisi. Tulilala porini siku nyingi, na mama alitufundisha kulia bila sauti. Kucheka pia. Mdogo wangu alinikunjia uso chini ya majani ya migomba, nami nikauma mkono wa sweta, mabega yakitikisika. Tulipotoka, sauti ya kulia ilirudi. Ya kucheka haikurudi. Shuleni wanasema nina kiburi. Nilikuwa naona haya kukueleza, na kila wiki nilijiambia wiki ijayo.

Sura ya bata wa padri ilibaki kitabuni kwa sababu siku ile nilikuwa na mafua, ukadhani kikohozi changu ni kicheko. Hata hilo sikulisema. Ilikuwa sura mbaya, unisamehe.

Lakini sura ya mlango! Papa Kizunguzungu wa kitabuni anakimbia vita. Nyumba imeibwa yote, umebaki mlango tu, basi anaung'oa na kuubeba mgongoni, kama tulivyowaona watu wengi wakifanya. Anafika kwenye baryeri, kile kizuizi cha barabarani. Mwenye bunduki anamwambia, "Hapa hakupitwi." Yeye hagombani. Anausimamisha mlango katikati ya barabara, anapita nyuma yake, anaufunga. Mwenye bunduki anapiga kelele. Kutoka nyuma ya mlango sauti inajibu, "Kwenu hawakukufundisha kubisha hodi?" Na yule mtu, kwa kuwa naye alilelewa na mama, anashusha bunduki, anapangusa viatu kwenye majani, anabisha: "Ko ko ko." Mama Masaibu, mke wake wa mchezoni, yule ambaye Papa Bauma alimwigiza redioni, anajibu, "Baba hayuko, urudi kesho." Anasimama pale barabarani, kofia mkononi, akingoja kukaribishwa.

Uliposoma pale pa kofia, nilikuwa nimejikunja kwenye kiti tumbo likiniuma. Wewe ulingoja. Nilisikia unavyongoja. Kisha ukasema polepole, "Hii haina chumvi," ukachana kurasa kumi na moja, ukamwita Mama Adela aje achukue karatasi za kuwashia moto.

Nilizichukua mimi kutoka jikoni. Mama Adela aliniona, akaendelea kupepea moto.

Siku zako za mwisho, homa ilipokuzidi, ulimwambia mke wako, "Kitabu kina shimo katikati. Sikuweza kuliziba." Nilikuwa nimeshika beseni la maji pale mlangoni. Kurasa zilikuwa kwenye mfuko wangu wa shule, hatua mbili kutoka kitandani kwako. Sikufungua mdomo, Papa. Asubuhi ulikuwa umekwenda.

Sasa nikueleze yaliyotokea.

Jumamosi tulitoa matanga, kumaliza maombolezo yako. Papa Bauma alikuja kwa miguu kutoka Itebero, siku mbili msituni, na njia nzima watu walimsalimia, "Mama Masaibu, bwana yako amekuacha!" Alisema aliwajibu wote kwa sauti yake ile ya kike, na kwamba alipofika mtoni alikaa juu ya jiwe akalia kwa sauti yake mwenyewe. Amezeeka. Lakini bado anaingia mahali kama mtu aliyechelewa arusi yake.

Kaka yako mkubwa, Papa Shukuru, aligawa vitu vyako kama desturi inavyotaka: koti kwa mtoto wa dada yako, panga kwa shemeji, redio kwa Mama Adela. Kisichopata mtu kinachomwa nyuma ya nyumba pamoja na mkeka wa marehemu. Zilipofika zile kaye tatu, aliziinua juu. "Nani anakamata hizi?"

Hakuna aliyenyoosha mkono. Watu waliangalia chini, kwa sababu komanda wa baryeri ya huku kwetu alikuwa amekuja kula maharage ya matanga pamoja na vijana wake wawili, wameketi penye kivuli, bunduki magotini. Kila mtu alijua ulikuwa unaandika kuhusu nini.

Papa Bauma akasimama. "Tufanye kama siku zote. Ninasoma. Watu wakicheka, ninazibeba mpaka kwa muntu wa kuchapa vitabu. Wasipocheka, zichomwe na mukeka. Mwenyewe angesema vile."

"Ku matanga tutacheka namna gani?" mama mmoja akauliza.

"Mama, huyu tunamulilia sasa majuma tatu. Muntu wa kuchekesha, tumulipe na deni gani ingine?"

Akasoma. Alianza na sura ya bata wa padri. Nilitamani ardhi ipasuke. Watu walitabasamu kwa adabu. Akasoma ya mashine ya kusaga unga, ikapita. Akasoma ya mganga na simu, wachache wakacheka, kisha wakamtazama komanda na kuacha. Hakukuwa na kitenge pale. Kulikuwa na heshima nyingi na woga mwingi, na Papa Bauma alikuwa anatokwa jasho. Kaye ya tatu ilipoisha, Papa Shukuru alimwita kijana alete moto.

Mfuko wangu ulikuwa chini ya kiti. Papa, wewe unajua mimi nikiitwa ubaoni hata jina la mto ninalolijua linanitoka. Nilisema moyoni: nikikaa, kitabu kinaungua leo. Nikisimama, nasoma sura ya baryeri mbele ya mwenye baryeri. Mama yangu alikuwa upande wa pili wa uwanja. Nikaona ananitazama, anatikisa kichwa: hapana. Hajui kilichomo kwenye mfuko, lakini ananijua.

Nilisimama. Nikasema, "Kuna sura nyingine."

Hakuna aliyesikia. Papa Bauma peke yake ndiye aliyegeuka. "Riziki, sema kwa nguvu. Hapa hakuna mikro ya redio."

"Kuna sura nyingine. Niliificha."

Nikaanza kusoma. Mstari wa kwanza niliusoma vibaya, nikaurudia. Kwenye neno "baryeri" uwanja mzima ukatulia, hata kuku. Sikuinua macho. Nilisikia kijiko kinawekwa kwenye sahani upande wa kivulini. Niliendelea kwa sababu kuacha kulikuwa kubaya zaidi. Nilipofika penye "Ko ko ko," nikavuta pumzi niseme jibu la Mama Masaibu, na kabla sijasema, jibu likatoka nyuma yangu, kali, la mwanamke aliyeamshwa usingizini: "Baba hayuko, urudi kesho!"

Papa Bauma hakuwa amewahi kuiona sura ile. Alikujua tu wewe.

Yule mama aliyeuliza tutacheka namna gani ndiye wa kwanza. Kisha uwanja wote. Papa Shukuru alishika goti la jirani yake. Mama Adela alijifunika uso na kitambaa, mabega yakitikisika, na sikujua analia au anacheka, nadhani hata yeye hakujua. Kijana mmoja wa komanda alicheka pia, kisha akafunga mdomo.

Komanda hakucheka. Alisimama, akaja mpaka mbele yangu, kicheko kikafa, mtu mmoja mmoja.

"Nani aliandika?"

"Papa Kizunguzungu. Mimi ninasafisha tu mwandiko."

"Yule muntu wa baryeri. Aliingia ao hakuingia?"

"Hakuingia. Sura inaishia pale."

"Alibaki ku barabara na kofia ku mukono?"

"Ndiyo, Papa."

Alinyoosha mkono. Nilimpa kurasa. Alizikunja mara mbili, akazitia kwenye mfuko wa shati. "Hizi hazipite ku baryeri yangu," akasema, akaondoka na vijana wake. Sahani yake aliiacha nusu.

Hakuna aliyeleta moto tena. Papa Bauma alizifunga kaye zako tatu kwenye nailoni. Aliniambia, "Chumvi yote ilikuwa mu ile ya mulango. Sasa ninabeba maji." Ndipo nikamweleza yote, kitenge, mafua, kicheko changu. Nilidhani atanikasirikia. Alikaza fundo la nailoni, akasema, "Yule mama mufagiaji wa Sake alikuwaka kiziwi wa sikio moja. Tulijua kisha ya miaka kumi kupita." Sijui kama ni kweli au alinitungia pale pale. Wewe ungejua.

Papa, sikuandikii barua hii ili unisamehe tu. Ninataka ujue kwamba shimo lile halikuwa lako. Uliichana sura iliyokuwa bora kuliko zote kwa sababu uliniamini mimi kuliko ulivyojiamini mwenyewe, na mimi nilinyamaza. Ninaahidi jambo moja. Kitabu chako kikichapwa, nitakisoma kwa sauti uwanjani kwa Mama Adela, sura zote, hata ya bata. Lala salama, mzee wangu. Salimu waliotangulia, na usiwasumbue sana kwa michezo yako kabla hawajakuzoea.

Nilichofanya baada ya matanga ni hiki. Jumapili nzima niliandika sura ya mlango upya kwa kichwa, maana nilikuwa nimeisoma peke yangu mara nyingi mno. Niliiandika kwenye kaye yangu ya jiografia, nyuma ya masomo. Papa Bauma alitangulia alfajiri ya Jumatatu na kaye zako tatu, akanisubiri ng'ambo ya baryeri, penye daraja la miti. Mimi ninapita pale kila siku kwenda shule. Kijana aliyecheka Jumamosi ndiye aliyekuwa zamu. Alisema, "Fungua mufuko." Alitoa kaye ya jiografia, akaifungua penye ramani niliyoichora. Akauliza, "Osso iko wapi?" Nikamwonyesha mto Osso kwa kidole. "Kwetu iko upande huu," akasema, akaweka kidole chake karibu na changu. Aliangalia kitambo, akageuza ukurasa mmoja, mwingine, akafika penye mwandiko usio na ramani. Alisoma mistari miwili au mitatu. Akaifunga, akairudisha kwenye mfuko mwenyewe, akainua mti wa baryeri. Nilitembea bila kukimbia mpaka darajani. Nilichomoa kurasa za sura kutoka kaye, nikampa Papa Bauma, akazitia katikati ya kaye ya pili, mahali pake. Kisha nilirudi nyuma hadi penye njia ya shule, ng'ambo ile ile ya baryeri, nikaenda darasani. Nilikosa saa mbili za kwanza. Porofesa, mwalimu wetu, aliniuliza nilikuwa wapi, nikamwambia nilikuwa namsindikiza mgeni.